Mtungi Uliorudi Nyumbani Umejaa

Jamleck Mburu aliokoka mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote katika Bahati nzima. Mara ya kwanza aliokoka kanisani kwao, taratibu na bila kelele, kwa sababu katika kanisa lao hata Roho Mtakatifu hutarajiwa kubisha hodi na kusubiri. Kisha akaokoka kwenye hema la wahubiri waliotoka Eldoret. Akaokoka Njoro kwa sababu mvua ilimkuta njiani na hema lilikuwa kavu. Akaokoka Nakuru mjini siku aliyotumwa mnyororo wa pikipiki, akarudi nyumbani na wokovu bila mnyororo. Mama yake, Mwalimu Wamaitha, alikuwa amechoka kumpongeza. Alisema mtu anayeoga kila saa, ama ni msafi kupita kiasi, ama kuna mahali panaponuka ambapo sabuni haijafika.

Nyumba ya Mzee Mburu haikuwa nyumba ya kuchezewa. Ilisimama kwenye shamba lililokuwa la mzungu zamani, ikiwa na dohani yake na ua wa miti uliokatwa ukanyooka kama rula. Mzee mwenyewe alishafariki, na picha yake ukutani iliwatazama wageni kana kwamba inawauliza wamepangusa miguu. Mwalimu Wamaitha alifundisha hadi kustaafu, na hata baada ya kustaafu hakuacha. Alimsahihisha mchungaji Kiswahili chake mlangoni mwa kanisa, akamsahihisha chifu mbele ya watu wa chifu. Watoto wake walisoma wakatawanyika: mmoja muuguzi ng'ambo, mwingine mhandisi, mwingine wakili. Jamleck, kitinda mimba, alibaki na ng'ombe. Kila ukoo mzuri una mtu wake anayebaki na ng'ombe, na ukoo hujitahidi kumtaja mwisho.

Katika nyumba hiyo palikuwa na chai mbili. Chai ya wageni ilipikwa kwa maziwa matupu, bila tone la maji, nzito hadi kijiko kinasitasita. Chai ya wafanyakazi ilipikwa kwa maji, ikaonyeshwa maziwa kwa mbali. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Ndivyo ilivyokuwa, kama ilivyo kwamba jua huchomoza upande wa msitu wa Bahati na kuzama upande wa Menengai.

Kwa upande wa dhambi, Jamleck hakuwa mtu wa maana. Alikunywa pombe, naam, lakini alikunywa vibaya. Kikombe cha pili kilimlaza. Aliwahi kushikwa na polisi, lakini ni kwa kukojolea ua wa chifu, na aliachiliwa kabla ya chai ya saa nne. Dhambi kama hizo hazimpeleki mtu popote. Kwenye mahema, mtu alisimama akasema alikuwa mganga mwenye majini, umati ukalia. Jamleck akasimama akasema alikuwa akilewa, umati ukatafuta viti vyao.

Aliyemwokoa na hali hiyo ni Askofu Maxwel wa Nakuru, mtu mwenye hema kubwa, spika kubwa zaidi na moyo ambao, ukweli usemwe, haukuwa mbaya. Askofu alimwona Jamleck akilia mbele ya madhabahu na akatambua kipaji. Wengi hulia wakikunja uso. Jamleck alilia akiwa amefungua macho, na machozi yalishuka mashavuni sawasawa, kulia na kushoto. Askofu alimwita pembeni akamwambia kwa upole kwamba Mungu anaweza kulitumia chozi kama lile, lakini chozi linahitaji habari ya kulitosha.

Basi habari ikapatikana. Kwanza Jamleck alisema tu kwamba aliwahi kuishi na vijana wabaya. Wiki zilizofuata wale vijana wakapata bastola. Huko Molo, watu wakiwa wamejifunika mablanketi kwa baridi na kuhitaji kitu cha kuwachangamsha, bastola ikawa bunduki kubwa, na bunduki ikafichwa ndani ya gunia la viazi. Kufikia Gilgil alikuwa kiongozi wa genge. Askofu hakumwambia aseme uongo. Alimwambia tu, kila baada ya mkutano, ni wapi watu walionekana kusinzia.

Na Jamleck alipendwa. Hilo lazima lieleweke. Mtu aliyekuwa akitajwa mwisho nyumbani kwao sasa alitajwa kwanza kwenye kipaza sauti. Alishonewa suti yenye kung'aa kama mgongo wa samaki. Akina mama walimshika mkono wakamwambia neema ni kubwa. Alipofika pale ambapo genge linamwaga damu, mpiga kinanda alijua kushuka chini polepole, na chozi la Jamleck lilishuka pamoja naye.

Wakaenda Karagita, pale kando ya Ziwa Naivasha ambapo wafanyakazi wa mashamba ya maua hukodi vyumba vya mmoja mmoja. Ilikuwa Jumapili alasiri na umati ulikuwa mzuri. Jamleck alikuwa amefika mahali ambapo gunia la viazi linafunguliwa alipomwona mwanamke aliyesimama karibu na nguzo, mikono ameikunja, kitambaa cha kijani kichwani. Wote walikuwa wamefumba macho. Yeye alikuwa amefumbua, na alikuwa akitabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto akieleza nani amekula sukari.

Jamleck aliruka damu akaenda moja kwa moja kwenye wokovu. Mpiga kinanda alibaki chini peke yake.

Watu walipopanga mstari kumsalimu, mwanamke yule alipanga pia. Zamu yake ilipofika alimpa mkono, mkono mgumu wenye alama za miiba.

"Sasa, Jamleck," alisema. "Naona Mungu amekusamehe mengi. Hata yale hukufanya."

Jamleck alisema, "Nabalayo."

"Ni mimi. Sasa niambie, yale ulifanya yako wapi? Hayo nayo yanangoja hema gani?"

Machozi ya Jamleck, yale ya kufungua macho, yalianza kujipanga. Nabalayo aliyaona.

"Usinililie mimi. Mimi ninatoka zamu, nimechoka. Nenda useme pale pale nilisemwa."

Akamwachia mkono ili anayefuata naye abarikiwe.

Kuna jambo ambalo Jamleck hakuwahi kulitaja katika hema lolote. Miaka kadhaa nyuma, Nabalayo alikuwa mkamuaji wa ng'ombe kwa Mwalimu Wamaitha. Alitoka upande wa Bungoma, na ng'ombe walimpenda kiasi kwamba waligeuza shingo wakisikia hatua za gambuti zake, vile viatu vya mpira. Yeye alikamua, na Jamleck alibeba mtungi kwa pikipiki hadi kituo cha maziwa. Njiani palikuwa na kibanda cha chai, na kibandani palikuwa na mwanamke mwenye kicheko kizuri. Jamleck alimmiminia jagi moja kila asubuhi, kisha akaongeza maji ya mfereji ulio kando ya barabara ili mtungi usione aibu. Siku moja mwanamke yule alicheka kupita kawaida. Jamleck akammiminia kupita kawaida.

Kituoni, maziwa hupimwa mbele ya kila mtu. Chesang, mpokeaji wa maziwa, huchovya kijiti chake cha kioo, na kijiti kikizama, ishara ya maji, hasemi neno. Anafunika mtungi na kuusukuma kando. Maziwa yaliyokataliwa hayamwagwi. Mwenyewe huyarudisha nyumbani, mtungi umejaa, akipita foleni nzima ya majirani, na ubavuni mwa mtungi jina la nyumba limeandikwa kwa rangi nyeupe ili lisipotee. Siku hiyo jina lilikuwa MBURU. Kabla watu hawajamaliza kunywa uji, Bahati nzima ilikuwa imelisoma.

Mwalimu Wamaitha hakuuliza mtu swali. Alivaa koti lake la kanisani, akamwambia Nabalayo amfuate, akasimama mbele ya foleni na kutangaza kwamba nyumba ya Mburu haijawahi kumwuzia mtu maji, kwamba mfanyakazi wake ndiye mwizi, na kwamba kuanzia saa hiyo si mfanyakazi wake tena. Nabalayo alimtazama Jamleck. Jamleck alitazama gurudumu la pikipiki kana kwamba lina upepo mdogo. Baada ya hapo hapakuwa na boma Bahati ambalo lingempa Nabalayo ng'ombe akamue. Mwanamke wa kibandani aliolewa na dereva wa lori la viazi, akacheka akielekea Molo.

Ndiyo maana Jamleck alirudi kutoka Karagita na suti yake mkononi. Na alipofika nyumbani alikuta balaa lingine limemtangulia. Hema la Askofu Maxwel lilikuwa linakuja Bahati, na kwenye kila nguzo ya stima palikuwa na bango lenye uso wake na maneno JAMBAZI SUGU ALIYEKUTANA NA BWANA. Mwalimu Wamaitha alikuwa ameng'oa moja kwa mkono wake mwenyewe. Lilikuwa mezani, chini ya picha ya Mzee.

"Hujawahi kushika bunduki," alimwambia. "Ulipopewa manati ulijipiga mwenyewe."

"Ni ushuhuda, Mami."

"Shahidi akisema asichokiona, kortini hufungwa. Jambazi, katika nyumba hii! Baba yako hakuwahi hata kuvuka shamba la mtu. Utamwambia huyo Askofu wako abandue uso huo kabla ya Jumapili."

Jamleck alisema atamwambia. Kisha, kwa kuwa alikuwa amesimama na hapakuwa na kinanda wala umati, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa bado unauhisi ule mkono wenye alama za miiba, alisema: "Mami, si Nabalayo aliyetia maji. Ni mimi."

Mwalimu alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka kwenye kisahani bila sauti, kama alivyofanya kila kitu.

"Nani mwingine anajua?"

"Nabalayo."

"Huyo alijua tangu siku ile. Nani mwingine?"

"Mungu."

"Mungu hapeleki maziwa kituoni," alisema Mwalimu Wamaitha.

Akaitazama picha ya Mzee. Kisha akalichukua bango, akalinyoosha mikunjo kwa kiganja, akamrudishia.

"Basi baki na bunduki," alisema. "Jambazi huogopwa. Mtu wa kutia maji kwenye maziwa huchekwa. Hatujawahi kuchekwa."

Jamleck alitoka nje akasimama kwenye zizi. Alitaka sana kumtii mama yake. Alikuwa amemtii maisha yake yote na hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa. Alimpigia simu Askofu, akitumaini kwamba mtumishi wa Mungu angemwamuru aseme ukweli na hivyo kumwondolea mzigo wa kuamua. Askofu alimsikiliza hadi mwisho.

"Maziwa, ndugu yangu?" alisema Askofu. "Watu wanatoka Molo na Subukia kuja kusikia bunduki."

"Lakini bunduki haikuwepo, Askofu."

"Na wale waliookoka kwa sababu yake, nao hawapo?"

Jamleck alikata simu. Alijua kitu kimoja tu. Bunduki ilikuwa rahisi kuitubu. Hapakuwa na mtu yeyote duniani ambaye angesimama na kusema, ni mimi uliyenipiga. Dhambi yake kubwa ilikuwa haina mwenyewe. Hii ndogo ilikuwa na mwenyewe, alikuwa na kitambaa cha kijani, na alikuwa amemtajia mahali.

Asubuhi alibeba mtungi kama kawaida. Foleni kituoni ilikuwa ndefu: wazee, akina mama, vijana wa bodaboda waliobebeshwa mitungi ya majirani. Jamleck alisimama mahali ambapo mama yake alisimama siku ile. Alifungua kinywa akangoja chozi lije. Halikuja. Miaka yote hiyo lilikuja likiitwa, na siku lililohitajika lilibaki kitandani. Basi akasema hivi hivi, makavu, kwamba mwaka ule maziwa ya Mburu yalipokataliwa, maji aliyatia yeye mwenyewe njiani, kwamba Nabalayo hakujua lolote, na kwamba alikuwepo akisikia mwenzake akiitwa mwizi na akanyamaza. Hakusema ni shetani aliyemdanganya. Shetani hakuwa na haja na jagi la maziwa.

Foleni ilimsogelea. Mzee mmoja aliuliza kama ni maji ya mfereji ule wa barabarani au ya mtoni, maana ya mtoni yangeeleza tumbo alilougua. Jamleck alisema ya mfereji. Mzee alionekana kusikitika. Kisha kijana mmoja alianza kucheka, na foleni yote ikamfuata, wakacheka hadi mitungi ikagongana.

"Sogea, boss," alisema Chesang. "Maziwa yataganda." Akachovya kijiti chake kwenye mtungi wa Mburu, akakitoa, akakitazama kwenye mwanga, akachovya tena.

Kufikia mchana Jamleck hakuwa jambazi tena. Alikuwa Mfereji. Vijana wa bodaboda walimpigia honi: niaje, Mfereji. Askofu alibandika juu ya uso wake, kwenye nguzo zote, uso wa mtu aliyefufuka mara mbili huko Kericho.

Mwalimu Wamaitha alikuwa amesikia yote kabla mwanawe hajafika nyumbani. Hakumfokea, na hilo lilimtisha Jamleck kuliko kufokewa. Alimwandalia chakula, akaketi chini ya picha ya mumewe, akatazama dirishani. Jamleck alijua kwamba zizi, ng'ombe na kitanda chake vyote vilikuwa vya mama yake, na kwamba neno moja tu lilitosha. Neno halikuja. Siku zikapita hivyo.

Jumapili ilikuwa ya Meza ya Bwana. Katika kanisa lao sahani hupitishwa kutoka benchi hadi benchi, na kila mtu, ingawa ameinamisha kichwa, anajua nani amekula na nani hakula. Sahani ilipomfikia Mwalimu Wamaitha aliyeketi mbele, aliipokea, akaishika kidogo, akampa aliyekuwa kando yake. Hakuchukua. Jamleck aliona migongo ikikauka kanisa zima. Walioipitisha ile sahani bila kuchukua kwa kawaida walikuwa wasichana waliopata mimba na wanaume wa aina ya Jamleck.

Kesho yake asubuhi mama yake alimngoja mlangoni akiwa amevaa koti la kanisani.

"Pakia mtungi," alisema. "Leo tunaenda wote. Pole pole, nitatembea."

Akamswaga Jamleck na pikipiki yake mbele kama kondoo, yeye nyuma, mkoba mkononi. Kituoni foleni ilijipasua yenyewe. Mwalimu alisimama pale pale, akaisafisha sauti, na wale waliowahi kuwa wanafunzi wake, yaani karibu wote, walinyoosha migongo bila kujua.

"Nilisimama hapa nikasema Nabalayo ni mwizi," alisema. "Sikuwa nimemwuliza mtu. Sikuuliza kwa sababu niliogopa nitakachojibiwa. Nilijua mtungi umepita mikononi mwa watu wawili, na mmoja wao alikuwa wangu, nikachagua. Mwanangu aliharibu maziwa. Mimi niliharibu mtu. Hayo ndiyo niliyokuja kusema."

Hakuna aliyecheka. Chesang alivua kofia yake nyeupe ya kazi, akaishika, asijue aiweke wapi. Mwalimu Wamaitha akamshukuru kila mtu kwa kumsikiliza, kama mtu anayefunga kikao cha wazazi, akageuka.

Walipokuwa wakirudi, Jamleck alitaka kumwambia jambo la kumfariji. Yote aliyoyajua yalikuwa ya kwenye mahema, akaendelea kusukuma pikipiki.

"Hayo ni nusu," mama yake alisema bila kumtazama. "Sasa twende kwake."

Walienda Karagita mikono mitupu. Jamleck alipendekeza kuku, au gunia la viazi. Mwalimu alikataa, alisema kuku angezungumza kabla yao. Chumba cha Nabalayo kilikuwa safi na kidogo, pazia likigawanya kitanda na jiko. Alikuwa ametoka zamu, viatu bado vina udongo. Alipomwona aliyesimama mlangoni alisema, "Karibu, Mwalimu," kwa sauti ya mtu ambaye hajaamua. Akamketisha kitandani, mahali pekee pa kukalia. Jamleck alipewa ndoo iliyopinduliwa.

Mwalimu Wamaitha alisema aliyokuja kusema. Hakuyapamba, hakulia, hakutaja jina la Mungu ili limsaidie. Alisema amekwisha kusema hayo hayo pale kituoni, mbele ya watu, na kwamba hakuja kuomba Nabalayo arudi wala kumwomba asahau.

Nabalayo alisikiliza yote. Alipoona yamekwisha aliuliza, "Ile ndama nyeupe?"

"Ni ng'ombe mkubwa sasa," alisema Mwalimu. "Anapiga kila mtu teke."

"Mimi hakuwahi kunipiga."

"Hapana. Wewe hakuwahi."

Nabalayo aliinuka akatoka. Wawili wale walibaki wakitazama pazia. Jamleck aliwaza kwamba labda ameondoka tu, akawaachia chumba na haya zao, na kwamba angekuwa na haki. Lakini alirudi na pakiti za maziwa za dukani, akawasha jiko, akaweka sufuria. Alikata pembe ya pakiti ya kwanza akamimina, kisha ya pili, kisha ya tatu. Hakugusa mtungi wa maji uliokuwa kando ya mguu wake. Akatia majani, akasimama akilinda yasifurike.

Jamleck alielewa chai hiyo ilikuwa ya nani. Aliona pia kwamba mama yake ameelewa, kwa sababu mkoba ulikuwa umemteleza magotini na hakuuokota. Ikamshinda kukaa kimya.

"Nabalayo, hizo si ungetumia hata kesho," alisema. "Ongeza hata maji kidogo."

Nabalayo aligeuka, kijiko mkononi, akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Wewe na maji tena?"

Mwalimu Wamaitha alicheka. Kilianza kama kikohozi, akakizuia kwa leso, kikamshinda, akacheka hadi koti la kanisani likatikisika na kitanda cha Nabalayo kikalia. Tangu baba yake azikwe, Jamleck hakuwa ameisikia sauti hiyo.

Chai ikapanda. Nabalayo akaitoa jikoni, akatafuta vikombe, vikawa viwili na bilauri moja. Akampa Mwalimu kwanza, kwa mikono miwili. Akampa Jamleck. Kisha akaketi kitandani kando ya Mwalimu, akajimiminia yake kwenye bilauri, mpaka juu.